Jiwe Lililopoteza Maji

Lohay alizikwa Tumati siku ya Jumanne, nami nilifika Ijumaa, nikiwa nimechelewa kama nilivyochelewa katika kila jambo lililomhusu. Habari niliipata kwa mwuza vitunguu aliyeingia dukani kwangu Dongobesh kununua betri. Alitaja kifo hicho katikati ya habari za mvua na za ng'ombe, bila kuona kwamba nimeacha kuhesabu chenji yake. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimehifadhi ndani ya daftari karatasi mbili nilizoandika kwa ajili yake, zenye maelezo ya jiwe moja la kijani. Nilizinakili upya mara tatu. Kila mara nilijiambia kwamba bado kuna neno ambalo sina hakika nalo, na kwamba nikilipata nitapanda Tumati nimkabidhi kwa mkono wangu. Sasa maneno yote ni sahihi na hakuna wa kumpa. Nitaandika hapa habari za mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, Waingereza wakiwa bado wanatawala na hakuna kati yetu aliyedhani wataondoka upesi. Mambo mengine ya maisha yangu hayana haja ya kuandikwa.

Nyumba ya mjomba wangu ilikuwa imejengwa kwa mstari: duka mbele, chumba chake na mkewe, chumba changu, kisha stoo, na nyuma ya stoo ua wenye jiko upande wa pili. Stoo ndiyo aliyoipanga Mwingereza mmoja aliyekuja kutafuta urani katika miamba ya Mbulu na Hanang. Alikuwa mwanajeshi wa zamani, shingo yake nyekundu kwa jua, mpole wa sauti kuliko wengi wa aina yake. Watu walimwita Bwana Bisi, kwa sababu ya mashine aliyoivaa begani. Alipoisogeza karibu na mawe fulani ilitoa sauti ya mahindi yanayopasuka kwenye kikaango, na kadiri jiwe lilivyokuwa na nguvu ndivyo bisi zilivyozidi. Mimi alinipa kazi kwa sababu nilijua kushona na niliandika mwandiko wa kusomeka. Nilishona vifuko vya kitambaa cha marekani vya kutilia mawe, nikaviandika namba kwa wino mweusi, nikapima kila jiwe kwa mizani ndogo ya shaba aliyoniachia, na kuingiza kwenye daftari: namba, tarehe, mahali, uzito, rangi. Nilipenda kazi ile kupita kiasi. Sikuwahi kabla ya hapo kuwa na kitu ambacho watu wazima walikuja kuniuliza, na nikijibu hawabishi.

Lohay alikuwa kiongozi wa wachimbaji wake. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu, mrefu, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa anapoingia mlangoni hata kama mlango ni mrefu, kwa kuwa alizoea nyumba za kwao, za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima. Kila Alhamisi alishuka na punda kutoka kwenye korongo lililo chini ya Tumati, akapakua mawe stooni, kisha akala kwenye baraza ya nyuma. Mke wa mjomba alimpakulia kande au ugali wa mtama na maharage, lakini kikombe chake cha bati kilitundikwa msumari wa peke yake, mbali na vikombe vyetu, kwa sababu sisi tulikuwa Waislamu na hatukujua anakula nyama gani kwao. Hakuna aliyelisema hilo wazi. Yeye mwenyewe alikwenda kukitungua, akanywa chai, akakisuuza na kukirudisha msumarini, na nilichukua miaka mingi kutambua kwamba alikuwa akitusaidia tusione aibu.

Baada ya kula tulifanya kazi stooni, mlango ukiwa wazi ili mke wa mjomba atuone kutoka jikoni. Mimi nilimfundisha kusoma, yeye akanifundisha mawe. Aliweza kushika jiwe akiwa amefumba macho akajua kama ni la juu ya kilima au la kwenye korongo.

"Hili linaitwa ulanga," nilimwambia siku moja, nikisoma kwenye orodha ya Bwana Bisi, nikijivuna.

"Wewe umelijua leo, tena kwa jina tu," akasema. "Mimi nimelilalia tangu nizaliwe. Ukuta wa nyumba yetu unang'aa wote."

"Basi liandike."

"Liandike wewe. Mimi nitakuambia likiwa la uongo."

Alicheka kwa pua, bila kufungua mdomo. Mke wa mjomba akaita kutoka jikoni, "Saida, hayo mawe yanachekesha nini?" nasi tukaendelea na kazi. Sitaandika zaidi ya hapo juu ya mambo hayo, maana zaidi ya hapo hayakuwapo. Lakini Alhamisi nilivaa kanga niliyoipenda.

Alichokitaka Lohay kilijulikana na kila mtu. Bwana Bisi alikuwa amemwahidi kumpeleka Dodoma kufundishwa kazi ya mawe: kuchora ramani, kutumia mashine, kuandika ripoti. Barua ya kumwombea ilikuwa tayari imekwenda. Jibu lilisema kwamba mkubwa wa Bwana Bisi atakuja mwenyewe kuona kazi ya korongo na kumwona huyo kijana anayesifiwa. Lohay aliikariri ile barua, ingawa ilikuwa ya Kiingereza, kwa sauti tu, kama mtoto anavyokariri wimbo. Alininunulia penseli ili nimwandikie kwenye ubao wa kasha jina lake lote na neno "Dodoma", akawa anajizoeza kuyanakili.

Mwezi wa sita alileta jiwe lenyewe. Hakulipandisha kwenye punda. Alilibeba kifuani, limefungwa kwa majani mabichi na nguo yake ya ndani, akatembea kutoka Tumati hadi Dongobesh bila kupumzika. Lilikuwa kipande cha mwamba wa kijivu chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, na upande mmoja mzima ulifunikwa na vibamba vya kijani vya umbo la mraba, vyembamba, vimesimama vimeegemeana. Kijani chake hakikuwa cha majani. Kilikuwa cha chupa ukiishika kwenye jua, na ukikigeuza kiling'aa kama ndani ya kombe la konokono. Bwana Bisi alikuwa hajapata kuona kama lile hapa kwetu. Alisogeza mashine, bisi zikapasuka mfululizo. Alijaribu kulimulika kwa taa yake maalumu gizani, ile inayofanya mawe mengine ya urani yawake manjano, na hili halikuwaka. Hilo lilimfurahisha zaidi, kwa kuwa kitabu chake kidogo kilisema hivyo.

Leo naweza kueleza lilivyotokea, na nitaeleza kwa sababu Lohay aliniuliza siku ile nami sikuwa na jibu. Chini kabisa, ndani ya miamba ya kale, kuna urani katika mawe meusi, mazito, yasiyovutia macho. Maji ya mvua yakipenya kwenye nyufa huyamega mawe hayo kidogo kidogo, misimu isiyohesabika. Maji hayo hukutana njiani na shaba, na fosfati, na yakikaribia juu, mahali hewa inapofika, hushindwa kuvibeba vyote. Hapo huviacha kwenye ukuta wa ufa, tabaka juu ya tabaka, na maji yenyewe hubaki ndani, yamefungwa kati ya tabaka. Jina la kitabuni ni tobaniti. Kijani ni cha shaba. Bisi ni za urani. Lakini ule uangavu ni wa maji. Jiwe lile lilikuwa na maji ndani yake, si kwa mfano wa maneno bali kwa uzito, na maji hayo hayakushikwa sana.

Bwana Bisi alitakiwa kwenda Arusha kwa majuma sita kabla ya mkubwa wake kufika. Aliogopa kwamba barabara ingevunja vibamba vile, maana hata ukucha uliweza kuvibandua, kwa hiyo akaliacha. Nililipima mbele yake, nikaandika uzito. Akaliweka kwenye kisanduku cha chuma, akakifunga kwa kufuli, akatoa funguo mbili: moja kwa Lohay aliyelipata, moja kwangu niliyeliandika. "Nyinyi wawili tu," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Lisiguswe."

Wakati ule ulikuwa wa baridi, na anayeijua Mbulu katika miezi hiyo hahitaji kuelezwa. Ukungu ulishuka alasiri na haukuondoka hadi kesho yake saa nne. Ndani ya stoo vifuko vyangu viliota ukungu wa kijivu, wino ukaenea kwenye lebo, gundi ya madaftari ikaachia. Kila asubuhi nilifungua kisanduku kuangalia, na siku moja nikakuta matone ya maji ndani ya mfuniko. Niliingiwa na hofu. Katika nyumba zetu, na katika kila nyumba ya nyanda zile za juu, ya Mwislamu au ya Mwiraqw, kitu cha thamani kinachoogopa unyevu kina mahali pamoja tu pa kukaa: kwenye uchaga, juu ya moto. Huko ndiko tulikoweka mbegu za mwaka ujao, chumvi, viberiti, tumbaku ya mjomba, cheti cha ndoa ndani ya bomba la bati. Hakuna aliyenifundisha, nilikua nikiona. Nikalifunga jiwe kwenye kifuko kipya cha marekani, nikaliweka juu ya uchaga wa jiko letu, katikati ya chumvi na mbegu za maharage. Kufuli nililifunga kwenye kisanduku kitupu. Nilikwenda kulala nikijisifu kwamba nimefikiri kuliko Mzungu.

Lilikaa huko majuma matano, na Lohay hakujua, kwa kuwa aliambiwa lisiguswe naye hakufungua kisanduku. Chini yake tulipika chakula cha kila siku, na chumvi tuliyotia ndani tuliishusha kutoka pembeni yake. Watu waliosoma wameniuliza kama siogopi, kwa kuwa mawe hayo hutoa miali na hewa yake si ya kuvutwa. Mke wa mjomba alikufa kwa mapafu, miaka mingi baadaye. Alikuwa amepika kwa kuni maisha yake yote. Sitasema ni jiwe. Nimeshaona jinsi hukumu inavyotolewa kwa ushahidi wa harufu, na nitaeleza.

Siku mbili kabla ya Bwana Bisi kurudi nililishusha. Nilifungua kifuko kwenye mwanga wa mlango wa jiko na kwanza nilidhani ni masizi. Nikapuliza. Uangavu haukuwapo. Vibamba vilikuwa vya kijani kizito, kilichopauka, kama rangi ya mlango wa zamani, vimejaa nyufa ndogo, na vichache vilibaki ndani ya kifuko kama makapi. Nilichota maji kwenye bakuli nikalizamisha, nikakaa kando yake asubuhi nzima kama mtu anayengojea mboga zilizokauka zichanue. Halikurudi. Nililikausha kwa kanga, nikalirudisha kwenye kisanduku, nikafunga kufuli. Jioni ile nilimwambia mke wa mjomba, na yeye akamwambia mumewe chumbani. Ukuta kati yetu ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika juu.

"Atasema mwenyewe kwa Bwana," mke wa mjomba alisema. "Aseme alilikausha. Ni kosa la mtoto."

"Aseme alilitoa kisandukuni, naye alikatazwa?" mjomba akajibu. "Watauliza, alilitoa kulipeleka wapi. Ataulizwa na polisi. Binti, ndani ya nyumba yangu."

"Na kijana wa watu?"

Mjomba alipuliza taa. Kisha akasema, "Yule ana kwao."

Nililisikia neno hilo vizuri, na sikugonga ukuta.

Bwana Bisi alifungua kisanduku, akatazama, akafunga, akafungua tena. Hakupiga kelele. Aliniagiza nilipime, nikapima, na uzito ulikuwa umepungua: si kwa kiasi kikubwa, lakini mizani ile haikuwa ya kubishana nayo. Alisogeza mashine, bisi zikapasuka kama kawaida. Mimi hapo nikapata tumaini, nikadhani ataona kwamba ni lile lile. Yeye aliona kinyume. Kwa hesabu yake, mtu alichukua jiwe zuri akaweka mahali pake jiwe baya la shimo lile lile, linalolia vilevile. Wakati huo wanunuzi wa mawe walipitapita hadi Babati wakitafuta vitu kama hivyo. Na funguo zilikuwa mbili.

"Mpwa wangu hatoki nje ya ua huu," mjomba alimwambia. "Muulize yeyote Dongobesh."

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza la wenyeji siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Hakimu alikuwa mzee wa Kiiraqw mwenye koti la kaki, mtu wa haki kwa sifa, na nasema hivyo bila kejeli. Jiwe liliwekwa juu ya meza.

"Lohay, hili unalijua?"

"Nalijua, mzee. Nililitoa mwenyewe shimoni."

"Bwana anasema silo."

"Ndilo. Tazama pembeni hapa, nyundo yangu ilipouma. Ndilo lenyewe, ila limekufa."

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Limekufa kwa nini, ndigana?" na kwa kuwa ndigana ni ugonjwa wa ng'ombe na wengi walikuwa wamekuja na mifugo, kicheko kiliongezeka. Hakimu alingoja kiishe. Lohay hakucheka wala hakukasirika. Aliomba kulishika, akalinusa pande zote kwa makini, kama alivyofanya stooni.

"Linanuka moshi," akasema. "Mzee, jiwe hili limekaa juu ya moto. Mtu amelikausha."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu. Hakimu alimgeukia mjomba wangu.

"Stoo ya duka ina moto?"

"Haina, mzee. Haijawahi kuwashwa moto."

Ilikuwa kweli.

"Lohay, nyumba yenu Tumati ina moto?"

"Nyumba gani haina moto?"

"Nimeuliza yenu."

"Ina."

"Basi," hakimu akasema, na karani akaandika.

Kisha nikaitwa mimi. Nilikuwa na daftari langu. Niliambiwa nisome uzito wa kwanza, nikasoma. Uzito wa pili, nikasoma. Niliambiwa nisome safu ya rangi, nikasoma: kijani angavu. Hakimu alisifu mwandiko wangu mbele ya watu wote.

"Binti, siku ulipolipokea, jiwe lilikuwa hivi unavyoliona?"

"Halikuwa hivi."

Lohay alinigeukia. "Dada Saida," akasema kwa upole, "waambie. Wewe unalijua kuliko mimi."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa akitazama kofia yake magotini. "Nimesema nilichoulizwa," nikajibu, na nikafunga daftari. Nimekuwa nikisema kweli maisha yangu yote, kwa usahihi, na watu wananisifu kwa hilo. Kila neno nililosema siku ile lilikuwa kweli.

Alihukumiwa miezi minane katika gereza la Mbulu. Siku chache baada ya hapo mkubwa kutoka Dodoma akafika, mzee mwembamba mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba shingoni. Nilikuwa stooni nikishona. Alilitazama jiwe kwa muda mfupi sana, kisha akaanza kuongea na Bwana Bisi kwa Kiingereza cha taratibu, kama mwalimu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani na nilishika neno moja tu lililorudiwarudiwa: maji. Shingo ya Bwana Bisi iligeuka nyekundu kuliko kawaida. Nilingoja waite gari waende Mbulu wakamtoe Lohay gerezani. Waliita gari kesho yake, wakapakia masanduku, na ndani ya mwezi mahema yote ya korongo yalishushwa kwa kuwa urani yenyewe haikuwa nyingi ya kutosha. Labda Bwana Bisi alikusudia kuandika barua. Nimejaribu kumfikiria hivyo. Mke wa mjomba alikitungua kile kikombe cha bati akakitumia kupimia mafuta ya taa.

Nilianza kusoma habari za mawe nikiwa na zaidi ya miaka arobaini. Mwalimu mmoja wa misheni alikuwa akihama Mbulu na kuuza vitabu vyake, nami nikanunua kimoja kilichokuwa na picha ya vibamba vya kijani. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku mbili au tatu, usiku na mchana dukani. Nilipofika kwenye jiwe letu nilikuta aya fupi isiyo na hisia yoyote: kwamba likikaa penye hewa kavu au joto kidogo hupoteza sehemu ya maji yake, kwamba hupauka, hupasuka, hupungua uzito, kwamba hugeuka jiwe jingine lenye jina jingine, na kwamba halirudi. Nililia, kisha nikachukua karatasi nikaanza kutafsiri kwa ajili yake. Hiyo ndiyo miaka kumi na moja niliyoitaja mwanzoni. Kutoka dukani kwangu hadi Tumati ni mwendo wa nusu siku.

Nyumbani kwa Lohay nilipokewa na mwanawe wa kwanza, Paulo, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha Daudi, mwenye urefu wa baba yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Karibu ukae."

Nilimwambia mimi ni nani. Nilidhani jina langu litamshtua, lakini alisema tu, "Wa duka la zamani," akanivutia kiti nyuma ya nyumba, mbali na wazee waliokaa uani. Nikamweleza kila kitu kwa utaratibu: uchaga, majuma matano, bakuli la maji, daftari. Nikampa karatasi mbili. Alizisoma kama mwalimu anavyosoma, hadi mwisho, kisha akaanza tena juu. Nilimwambia kwamba nimekuja kuomba ruhusa nizisome mbele ya wazee, ili jina la baba yake lisafishwe kabla matanga hayajaisha.

"Mama," akasema, "mzee alikiri."

"Alikiri nini?"

"Kwamba alilichukua. Alipotoka gerezani wazee walikuwa wamemweka nje. Hakuna aliyemwazima jembe. Hakuna aliyemwita kwenye kazi ya pamoja, na babu yangu mzaa mama akakataa posa. Misimu miwili alilima peke yake. Na kwetu anayekana kosa hasafishwi. Lazima useme kwanza. Basi akatoa kondoo, pombe ikapikwa, akasimama akasema mbele yao, nililichukua. Wakamwambia, kaa chini unywe. Mwaka ule ule akaoa."

"Lakini hakulichukua."

"Nimesoma. Nimekuelewa." Alizikunja karatasi kwa mkunjo ule ule niliozikunja mimi. "Wawili waliokunywa naye siku ile wako hai. Ni wale pale, mwenye blanketi jekundu na yule wa fimbo. Nikizisoma hizi, nawaambia kwamba mzee aliwadanganya kwenye pombe ya kusafishwa. Uongo wa mahakamani ni jambo moja. Uongo wa pale unafuata hadi wajukuu. Nina watoto watano hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kwa miaka mingi nilijiandaa hata kwa msamaha.

"Haya uliyajua lini?" akauliza.

"Miaka kumi na moja iliyopita."

Alitikisa kichwa taratibu. "Alikuwa anashuka Dongobesh kila mnada. Punda alimfunga pale kwenye mashine ya kusaga."

"Najua," nikasema. Mashine ya kusaga inatazamana na mlango wa duka langu.

Akanirudishia karatasi. "Kaa nazo, mama. Njoo ule."

Nilikula ugali na maziwa ya mgando pamoja na wanawake wa pale, walionisogezea sahani bila kuuliza. Kisha mzee wa blanketi jekundu akasimama kuomba dua ya kumaliza matanga, kwa Kiiraqw, lugha niliyoishi nayo muda wa kutosha kuielewa. Dua zao ni ndefu, na baada ya kila kauli watu wote huitikia kwa mguno mmoja mzito kutoka kifuani, asiyeguna ameikataa. Aliomba mvua, akaomba ng'ombe, tukaguna. Akasema marehemu alikuwa mkulima mzuri, tukaguna. Kisha akasema kwamba ujanani mtu huyu aliiba, na kwamba hakuficha, alilisema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na ardhi ikampokea. Uani watu walivuta pumzi. Paulo, aliyeketi mbele yangu, aligeuza kichwa kidogo, si hadi kunitazama, akangoja.

Nikaguna pamoja nao.